Chumvi ya Pangoni

Chebet mjukuu wangu,

Sisi wazima, na babu yako bado anagombana na jogoo. Binamu yako ndiye anayeniandikia.

Ati unauliza kama nimewahi kufika ile mbuga ya mlimani? Si nilizaliwa kwenye pango lake! Nikiwa msichana nilipanda kuchota humo udongo wa chumvi, ule ambao hata ndovu huulamba, maana ng'ombe wetu alikuwa amezaa na hawezi kusimama. Askari wa geti akafoka, "Mwaga, wewe msichana! Hiyo ni ya ndovu wa watalii." Mimi, mwizi kwetu! Nikamwaga. Lakini leso niliyoubebea ilikuwa imelowa ukungu, chumvi ikaishika. Ng'ombe aliilamba mpaka ikatoboka, akasimama.

Ukija na wenzako kuiona hiyo mbuga, wakikuita mgeni pale getini, kataa.

Maziwa yapo, yanakungoja.

Nyanya yako.