Nani Alichota Maji ya Pipa

Mtani wangu Maganga, Mnyamwezi wee,

Sikusalimu. Mtani hasalimiwi, anatukanwa kwanza, ndivyo tulivyozoeana tangu siku uliposhuka kwenye lori lililotoka Ngombezi, sanduku la randa na misumeno kichwani, nami nikakuuliza kama wapagazi siku hizi bado wanalipwa shanga. Ukanijibu kwamba umesikia Wazigua wanakandika nyumba kwa mate kwa sababu maji hawana. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Leo nimejaribu kuianza barua hii kwa tusi na tusi halitoki. Nina neno la kukuambia, na nimelikalia muda mrefu mno.

Ngoja kwanza nikupe habari, maana najua ungeuliza. Bati zilikuja. Zilichelewa kama ulivyosema zitachelewa, lakini zilikuja, na darasa limeezekwa. Kenchi zako za paa hazikupinda hata moja. Fundi aliyeletwa kutoka Korogwe alipanda juu, akazigonga kwa nyundo, akauliza nani alizipiga hizi. Kalunde wako anasoma mle ndani, anakaa mbele, na mwalimu anasema ana mdomo kama baba yake. Sasa tunajenga zahanati. Jiko la msaragambo, la kuwapikia wanaojitolea kazi, tumeliweka kule bondeni, hatua arobaini kutoka kwenye mbao, kama ulivyokuwa ukidai kila siku. Akina mama wanabeba sufuria wala hawanung'uniki. Maranda yanafagiliwa kabla jua halijatua. Anayetaka kuvuta sigara anakwenda barabarani.

Na pipa lipo, limejaa. Mimi ndiye mlinzi wake. Wananiita Bwana Pipa, Maganga. Jina lako lile tulilokupa kwa kukucheka, sasa ni langu, na hakuna anayecheka.

Unakumbuka tulivyokucheka? Tulihamia hapa mwaka ule wa operesheni ya vijiji, nyumba zimepangwa mstari, paa zote nyasi, na maji ni mpaka lamboni, kwenda na kurudi asubuhi nzima imekwisha. Halafu wewe, mgeni, unasimama mbele ya mkutano wa kijiji unataka pipa zima la maji likae tu pale kwenye ujenzi, lifunikwe bati, lisinywewe, lisioshewe, lisikandiwe udongo. Mzee mmoja alikuuliza, "Likae likimngoja nani?" Ukasema, "Likimngoja moto." Nikaruka mimi: "Huyu Mnyamwezi kampikia moto chai, anamwekea na maji ya kuoga!" Loo, siku ile nilishangiliwa.

Lakini wewe ulikuwa na sababu. Ulituambia kuhusu shamba moja la mkonge ulikofanya kazi ujanani, jinsi singa za katani zilivyoshika moto, watu wakakimbilia mapipa, na mapipa yalikuwa makavu. Ulipolisimulia hilo hukufanya mzaha hata kidogo. Kijiji kikakukubalia. Kila asubuhi ukawa unapita ukiuliza kwa sauti, "Pipa limejaa?" kabla hujauliza hali ya mtu.

Sasa nisikilize.

Siku ile uliondoka mapema kwenda Misima kutazama mbao. Mimi na wenzangu tulikuwa tunakandika ukuta wa nyuma. Wenzangu walikwenda kuchimba udongo mwingine, akina mama walikuwa hawajarudi lamboni, na udongo nilioukanda ulianza kukauka mbele ya macho yangu. Nikaliangalia pipa lako. Nikacheka peke yangu, wallahi nilicheka. Maana mimi na wewe ni watani: kuku wangu ulimchinja nikiwa shamba, kofia yako niliivaa mwezi mzima, na anayekasirika ndiye mjinga. Nikasema moyoni, mali ya mtani haina mwenyewe. Nikachota ndoo ya kwanza, ya pili, mpaka nikawa nakwangua. Udongo wangu ukalainika vizuri.

Kisha nikarudisha bati juu yake vilevile, na jiwe juu ya bati, ili usigundue. Nilitaka nikuone uso jioni utakapofunua. Nilishaandaa na maneno ya kukutania. Hiyo ndiyo ilikuwa hila yangu yote, Maganga. Nilitaka kucheka tu.

Ukarudi kabla ya adhuhuri. Akina mama wamerudi, maji yao yameishia kwenye sufuria na udongo, wamechoka na jua, wameingia kujipumzisha kwenye darasa lisilo na paa, kwenye kivuli cha ukuta, watoto wachanga mgongoni. Upepo ukageuka. Cheche ikatoka jikoni, maana wakati ule jiko lilikuwa karibu na mbao, ikaingia kwenye maranda ya banda lako la useremala. Tuliona wote. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, kiasi cha ungo. Hata hatukuogopa. Wote tulikuangalia wewe, maana tulijua pipa lipo.

Ulikimbia na debe. Ulitupa jiwe, ukatupa bati, ukazamisha debe.

Ile sauti ya debe kugonga pipa tupu bado naisikia. Naisikia nikikanda udongo, naisikia mke wangu akiweka sufuria chini. Uliinua kichwa ukatutazama sote, mmoja mmoja, na mimi nikatazama pembeni.

Paa la nyasi la banda likashika mara moja. Na mlangoni mwa darasa, chini ya paa hilohilo, ndipo lilipokuwa pipa jingine, la oili chafu ya kupaka mbao zisiliwe na mchwa. Likishika lile, akina mama hawana pa kutokea. Ulijifunga gunia ukaingia. Ulilisukuma lile pipa kwa mikono mitupu mpaka nje, likabingirika mtaroni. Akina mama wakatoka wote, hakuungua hata mtoto mmoja. Ulirudi kufuata nini mle bandani, mtani? Nadhani msumeno wako. Paa likakuangukia.

Pipa lile lingekuwa na maji, ungepona? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Moto ulikuwa kiasi cha ungo, Maganga. Jibu nalijua.

Hospitali ya Korogwe nilikaa nawe siku zote tatu. Mama Kalunde alikuwa anafua vitambaa vya vidonda vyako, nami nakupungia nzi. Siku ya pili ulifungua macho, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Mtani, nani alichota maji ya pipa?" Nikasema, "Sijui, mtani." Ukasema, "Basi." Ukafumba macho.

Tumedanganyana miaka yote, mimi na wewe. Uliniambia Tabora kuna ng'ombe wanaoimba, nikakuambia nyumba ya kwanza Handeni niliijenga mimi. Ulikuwa utani, kila mmoja alijua. Ule wa hospitali ndio uongo wa kweli pekee niliokuambia, na uliondoka nao.

Kisha maziko. Unaijua kazi ya mtani msibani. Wananingoja mimi. Mtani asipochekesha, watu watasema marehemu hakupendwa. Nikaichukua kofia yako, nikaivaa, nikalizuia jeneza nikidai unilipe kuku wangu kwanza. Watu wakaanza kutabasamu. Nikatembea kwa ule mwendo wako wa kutupa mguu, nikapita kwa waombolezaji mmoja mmoja nikiuliza, "Pipa limejaa? Pipa limejaa?" Walicheka wakilia. Mama Kalunde alicheka, Maganga. Alikuwa hajafungua mdomo tangu Korogwe, akacheka mpaka wakamshika. Wakanipongeza. Wakasema, huyo ndiye mtani wa kweli. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaivua ile kofia.

Baadaye kwenye mkutano mkeo alisimama akasema pipa nipewe mimi, kwa kuwa ndiye niliyekaa na mume wake mpaka mwisho. Nikapokea. Aibu gani hii, nikapokea! Nimelijaza kila asubuhi tangu hapo, nikidhani maji yataosha. Hayakuosha kitu.

Basi mwezi uliopita nilichukua kofia yako nikaenda kwake. Alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwekea kofia kwenye mkeka. Akaiangalia, akaacha mahindi, akasema, "Shemeji, kuna nini? Mtani harudishi alichochukua." Nikamwambia. Nilimwambia yote, ndoo kwa ndoo, bati, jiwe, na lile "sijui" la hospitali.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema jambo moja tu: "Ulinichekesha juu ya kaburi la mume wangu." Akachukua kofia, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikaenda na kwa mwenyekiti nikamwambia, akaitisha wazee. Walisema mengi. Mmoja alisema utani ni utani, hakuna kesi, hakuna fidia, marehemu mwenyewe asingekasirika. Nilitamani kumfunga mdomo mzee wa watu. Hicho ndicho kinachoniua: kwa desturi yetu wewe huruhusiwi kunikasirikia. Basi mimi nakuruhusu. Nikasirikie, mtani wangu. Nitukane tusi lisilo na kicheko ndani yake. Nimelistahili.

Walitaka kuninyang'anya pipa, mwenyekiti akasema liachwe kwake, hakuna atakayelichunga kuliko huyu.

Wiki tatu mkeo hakuitikia salamu yangu. Leo asubuhi nimefika kwenye zahanati nimemkuta kanitangulia. Kafunua bati, katumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, anapima. Nikasimama mbali. Akautoa mkono, akaukung'uta, akasema bila kunitazama, "Limepungua viganja viwili." Akarudisha bati, akajitwika ndoo yake akaenda zake.

Nilikaa chini pale pale nikalia kama mtoto.

Maganga, uliuliza nani alichota maji ya pipa. Ni mimi, Mhando. Nilichota mimi, yote, na nikafunika.

Lala, ndugu yangu. Tukikutana tena nitakuibia kofia, nitakula kuku wako, nitawaambia wote huko kwamba Wanyamwezi ni wapagazi tu, jiandae. Lakini pipa lako sitaligusa milele, na hapa duniani hakuna jengo litakalopandishwa kijijini kwetu likakosa pipa lililojaa, maadamu naweza kubeba ndoo. Jua limeshapanda na lambo liko mbali. Naenda kuchota viganja viwili.

Mtani wako,
Mhando