Uwanja wa Shule Kando ya Nyumba Yangu

Jumamosi jioni

Eti wafu hawajui neno lolote, kwa hivyo kaburi lisizuie shule! Mzee wa kanisa aliniambia hivyo leo baada ya ibada ya Sabato, akiwa amesimama karibu na kaburi la mume wangu, kando ya nyumba. Tangu Uhuru wanatafuta ardhi ya shule ya kanisa, na sasa wanataka uwanja wake upite hapo.

“Mama Kemunto, haya ni maendeleo.”

“Na kaburi la baba yako je? Mbona umelizungushia ua?”

Alicheka tu. Wanafiki.

Marehemu ndiye aliyebeba mawe ya kanisa lao begani, akiimba kwa sauti yake mbaya. Naogopa, maana mimi ni mjane, na wao...

Jumatatu wanaleta kamba ya kupimia. Nitamfunga pale kaburini ng'ombe wetu mkali, aliyemtii marehemu peke yake.