Mbegu Zilizofungwa Mbichi

Mjukuu wangu Agnesi,

Hapa Lipingo tu wazima. Babu yako anakohoa kidogo tu.

Umeuliza uzitunzeje mbegu za maboga zilizobaki. Zianike kivulini zikauke kabisa, ndipo uzifunge. Mwaka nilioolewa nilizifunga mbichi kwenye nailoni, zikaoza. Shamba langu lilikuwa kando ya njia ya kanisani, na halikuota kitu. Watu walipopita nilijiinamia kwa aibu.

Mama mkwe akaja na kibuyu chake cha mbegu. “Hata mimi zangu ziliwahi kuoza, mwanangu,” akasema kwa sauti, wapita njia wakasikia. Tukapanda pamoja.

Tulipomzika, babu yako aliniambia mbegu za mama yake hazikuwahi kuoza hata mara moja. Nikashindwa kuinua uso.

Bibi yako