Nusu Saa Kifuani

Mama Bonge,

Ulimnyonyesha ukalala papo hapo, sikutaka kukuamsha. Lori linaondoka. Akishanyonya, mpigepige mgongo abeue, kisha mshike wima nusu saa ndipo umlaze chali. Nusu saa kamili, usinicheke! Leo nilikuwa naye kifuani huku nafunga kamba za viatu. Nilipoinama tu, akacheua maziwa yote begani kwangu, akalia mpaka na mimi machozi yakanitoka. Akikataa kunyonya, mkimbize kliniki, usinisubiri.

~~Nitarudi Ijumaa.~~ Wiki mbili, nisikudanganye.

Shati la buluu usihangaike kulitafuta ulifue. Nimelikunja hivyo hivyo na maziwa yake, liko nami kwenye begi.

Baba Bonge