Mchumba Wangu Ndiye Dereva wa Wapima Mradi

Shikamoo Mama Hyasinta, mshauri wetu wa gazetini,

Naomba unisaidie haraka maana tangu juzi sipati usingizi, na si kwa huzuni, ni kwa furaha iliyochanganyika na hofu. Mimi ni Dorotea, nafundisha elimu ya watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa upande wa Guta, na kwa kuwa nilisoma kwa masista nikajua Kiingereza, mwenyekiti wetu Ndugu Enoka alinichagua niwe mkalimani siku walipokuja wageni wa ile nchi rafiki iliyotujengea pampu ya maji, walikuja kupima kama mradi wao umetufaa, na kabla hawajafika akaniita pembeni akaniambia, "Binti, lolote watakalosema akina mama, wewe sema wanashukuru. Wageni wakisikia malalamiko watapeleka misaada yao kwingine."

Basi mkutano ukaanza, ngoma zikapigwa, kiongozi wa wageni, bibi mmoja mwenye mvi, akauliza kama pampu inasaidia, ndipo akasimama Mama Marcelina, mkulima wa pamba ambaye huwaga hasemi kitu mkutanoni, akasema, "Pampu mmeiweka ndani ya uzio wa ofisi ili wakubwa waione, karani akienda shamba anafunga anaondoka na ufunguo, sisi bado tunachotaga maji ziwani na watoto wanaharisha," na Ndugu Enoka akaninong'oneza, "Sema anashukuru," lakini nilipomtazama Marcelina bado kasimama ananingojea nikajikuta nimetafsiri yote, hata lile la wakubwa!

Nikajua nimekwisha. Yule bibi akainuka akasema, "Nionyesheni," tukaenda wote, tukakuta kufuli kweli na karani yuko kwenye pamba, bibi akauliza akina mama wanataka nini, wakajibu kwa sauti moja, "Uzio utoke!" na hawakungoja mtu, Mama Mshauri, waliushika wakaung'oa kwa mikono, na Ndugu Enoka alipoona hivyo naye akakamata nguzo akavuta kama vile wazo lilikuwa lake, maji yakatoka, vigelegele, na bibi akasema mbele ya watu wote kwamba hakutoka mbali vile kuja kupigiwa makofi, na kwamba atatuombea kisima kingine karibu na zahanati, mimi nikalia kama mtoto.

Sasa Jumatatu ya mwisho wa mwezi wageni wanaondoka kupima vijiji vingine, kutoka Bunda hadi Musoma na Butiama, wanataka niende nao, na ofisi ya elimu imekubali, mimi ambaye sijawahi kufika mbali hivyo! Ila mchumba wangu Mwikwabe, ambaye ng'ombe wake wameshafika kwa baba, ndiye dereva wa Landrova ya mradi iliyowaleta wageni siku ile, na amekasirika, anasema, "Unataka nikuendeshe mimi mwenyewe kijiji kwa kijiji, ukaufunge mradi unaonilisha? Ukipanda gari hiyo, harusi hakuna." Je, niende, au niende lakini nilainishe maneno ya watu, au nibaki?

Dorotea, Guta

JIBU

Marahaba, binti Dorotea. Barua yako nimeisomea wenzangu hapa ofisini kwa sauti, na kwenye ule uzio wote tulipiga makofi. Sasa kaa chini nikugombeze.

Safari umenieleza bila hata kuvuta pumzi, mchumba umemwachia mistari ya mwisho. Umeshaamua kwenda, unachotafuta kwangu ni ruhusa. Haya, unayo. Nenda.

Habari ya kulainisha maneno isahau kabisa. Mama aliyejikaza akasimama mbele ya watu hakukutuma umsemee kinyume. Lakini usijifanye hakimu pia. Wakiusifu mradi, sifa zifike nzima. Na acha kufurahia aibu ya Ndugu Enoka! Yule aliogopa kijiji kisije kikakosa hata kile kidogo. Kabla hujaondoka, mfuate, msalimie kwa heshima, muage.

Kuhusu Mwikwabe, wewe umesikia hasira, mimi nimesikia hofu. Mwulize anaogopa nini, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize. Mkumbushe alichokiona kwa macho yake: kijiji kilisema ukweli na mradi haukufungwa, kinaombewa kisima cha pili. Kama haridhiki, mpeleke kwa yule bibi aulize mwenyewe habari ya kazi yake, nawe watafsirie bila kuongeza wala kupunguza, hata kama jibu litakuwa chungu kwenu wote wawili.

Akiridhika, mtakula pilau nami mnialike. Akikataa bado, mwambie baba yako mapema, ng'ombe warudishwe wakiwa wazima. Mwanaume anayekuzuia kusema ukweli leo kabla hamjafunga ndoa, mkishakaa pamoja atakuzuia mengi zaidi, na hutakuwa na gari la kupanda.

Fungasha kanga zako, sweta, na dawa ya malaria. Usiku ulale misheni au kwa familia za walimu. Na mkifika kijiji cha kwanza, mwenyekiti akishamaliza hotuba yake, kabla hujatafsiri neno lolote, waombe akina mama waliokaa nyuma wasogee mbele.

Mama Hyasinta