Mkono Wako Umo Kwenye Mashine

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo.

Hukuniruhusu kusema neno lolote kabla ya shikamoo, hata nikiwa nimeteremka kutoka Kitai juu ya lori la mahindi, vumbi mpaka kwenye kope. Basi nimeanza nayo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, na imeniuma.

Barua hii naiandika wazi, wanakwaya wako waisome wakitaka. Kuna asante ambayo sikuimaliza ulipokuwa hai.

Unaukumbuka ule mwaka maduka yalipoanza kujaa redio za kaseti na saa za mezani, mpaka kibanda changu cha ufundi kikakosa pa kumketisha mteja? Ndio mwaka kiharusi kilipokupitia upande wa kulia. Mguu ulirudi, mdomo nao ukarudi na maneno yake yote, lakini mkono haukupata tena nguvu. Ngoma uliyoipiga tangu usichana wako kwenye kioda, ile michezo ya akina mama, sasa ilinong'ona tu. Kwaya ikianza kuimba, husikiki.

Na hapo kwaya ilikuwa imenunua mashine ya ngoma kutoka kwa bendi moja ya Songea iliyovunjika. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole yule, akakwambia, "Mama, pumzika sasa. Hii inapiga yenyewe."

"Inapiga yenyewe, lakini haitusikilizi," ukamjibu mbele ya watu. "Sisi tukivuta pumzi, yenyewe inakwenda tu."

Watu walicheka, nawe ukacheka. Nyumbani dagaa wako wa usipa walipoa kwenye sahani. Ukaniambia, "Mdogo wangu, wakinitoa kwenye ngoma, sijui nitakwenda kanisani kufanya nini." Sijawahi kukuona ukiogopa kitu kama siku ile.

Ndani ya sanduku la mashine kulikuwa na kisanduku kingine ambacho hakuna aliyejua kazi yake. Nilikifungua, nikakizungusha, nikaelewa: kilikuwa cha kupokea triga, kile kidude kinachobandikwa kwenye ngoma ili kihisi inapogongwa. Triga zenyewe hazikuwamo. Nikachomoa kwenye saa mbovu ile bati nyembamba inayolia alfajiri, maana nayo ikigongwa hutoa umeme kidogo. Nikaibandika kwa gundi kwenye ngozi ya ngoma, pembeni. Waya wake ukaingia kisandukuni, na kutoka kisandukuni nikavuta waya wa midi, ule ambao vyombo vya muziki vya umeme hupashana habari kwao, hadi kwenye mashine. Vyote vilikula betri ya gari.

Uligonga. Kimya. Kisanduku kilikuwa kinatuma kwenye chaneli ya kumi, mashine nayo imetega sikio chaneli ya kwanza. Nilipozilinganisha ukagonga tena, kwa ncha za vidole tu, na spika ikatoa mdundo uliotimua kuku uani.

"Kwa hiyo mimi nagonga hapa, anayelia yuko kule?"

"Ndiyo, dada. Waya haubebi sauti. Unabeba habari kwamba umegonga, na kwa nguvu kiasi gani."

"Basi kiambie kisanduku chako kiongeze chumvi kwenye habari zangu."

Nikazungusha kitufe mpaka mguso wako mdogo ukatoka kama pigo la mkono mzima. Ulilia, ukasingizia moshi wa jikoni.

Mwalimu alitupa Jumapili moja. Ikishindikana, mashine ipige yenyewe. Siku hiyo nilikuwa ndani ya kanisa nafunga spika niliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikakimbia nyuma ya kanisa. Nikakukuta umewasha nyasi kavu, umeielekeza ngozi ya ngoma motoni kama ulivyofanya kila Jumapili ya maisha yako. Gundi inachuruzika, waya unaning'inia.

"Dada, umeichoma!"

"Ngoma isiyoota moto italiaje?"

Kisha ukaniangalia usoni. Watu walikuwa wameanza kuingia kanisani. Ukamtuma binti yako Rehema akimbie nyumbani akalete saa yako ya mezani, ile uliyokuwa unawaringia wageni. Ukanikabidhi. "Toa hiyo inayolia. Mimi ataniamsha jogoo."

Nikaivunja hapo hapo. Chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya nilikipasha kwenye moto wako uleule.

Tulipoanza, kwaya ilipokanyaga sakafu kwa kucheza, mashine nayo ikaitikia kila mguu. Ukavua khanga ya juu, ukaikunja, ukaisukuma chini ya ngoma, mashine ikatulia. Halafu wimbo ukafika pale wanapovuta pumzi. Ukasubiri. Na mashine, dada, ikasubiri pamoja nawe. Baada ya ibada mwalimu alikunja waya kwa mikono yake mwenyewe, akakuuliza, "Mama, Jumapili ijayo tuanze na wimbo upi?"

Baadaye kwaya za Mbinga mjini na Maguu zilikuja kunitafuta, na watu wakaanza kuniita fundi bila kutabasamu. Lakini si hilo ninalokushukuru. Kwenye ukoo wetu mimi nilikuwa yule anayefungua redio za watu akabakiza skrubu. Wewe, siku uliyokuwa na kitu kimoja tu cha kupoteza, ulikiweka mikononi mwangu, na saa yako juu yake. Asante. Nimetembea na asante hiyo maisha yangu yote.

Sasa anapiga Rehema. Jumapili ya kwanza baada ya kukuzika aligonga kwa mikono miwili yenye afya, spika ikanguruma mpaka watoto wachanga wakaangua kilio. Akanigeukia, "Mjomba, punguza."

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Sikukizungusha.

"Gonga kidogo," nikamwambia. "Kama mama yako."

Akagusa kwa ncha za vidole. Kwaya ikavuta pumzi, naye akasubiri. Kitufe kiko pale pale ulipokiacha, dada, na kila anayekaa kwenye ngoma ile ni lazima apige kwa mkono wako.

Lala salama.

Ni mimi mdogo wako,
yule wa kubakiza skrubu.