Ampli Ndogo ya Ildephonse

Kigoma, Mwanga
9 Februari 2006

Kwa mdogo wangu Sylvestre,
Rugenge, Uvira

Nakusalimu kwa jina la mama aliyetuzaa sisi wawili, maana salamu hiyo siwezi kukunyima hata nikiwa na hasira. Goti linaendeleaje? Nimeambiwa unatembea na mkongojo tangu Noeli, na kwamba Consolate anakukanda kwa mawese ya moto kila asubuhi. Mshukuru sana mkeo kwa niaba yangu. Nyumba yako imesimama kwa sababu yake. Mimi sijambo. Mchana bado nasoma bila miwani, sukari inapanda na kushuka, na mihogo niliyopanda nyuma ya nyumba imeozea ardhini kwa mvua. Hizo ndizo habari za mwili, na zimekwisha.

Wiki iliyopita Gloriose, binti wa marehemu kaka yetu, alishuka melini na vitenge vyake akanipitia. Alikuwa na kaseti ndani ya pochi, ameifunga kwa leso kama dawa. Alifurahi, maskini, akidhani ananiletea zawadi. Shangazi, sikiliza, baba mudogo iko anaongea mu redio! Tukaiweka, tukakaa. Sikumaliza upande wa kwanza kabla sijamwomba mtoto wa watu aende sokoni akaninunulie chumvi. Chumvi nilikuwa nayo. Sikutaka anione.

Mtangazaji yule kijana, Protais, alikuuliza swali zuri. Alikuuliza ile sauti ya orkesta yenu, Mulongwe-Roki, ilitoka wapi. Lile gitaa lililokuwa likikoroma chini ya nyimbo, ambalo vijana wa Uvira wanajaribu kuliiga leo na hawalipati. Ukacheka, Sylvestre. Ukamjibu kwamba ule ulikuwa umaskini tu. Ukasema shemeji yako Ildephonse hakuwa na uwezo wa kupata ampli ya maana, kwa hiyo alipiga na ampli ya sinema iliyochoka, na kwamba kazi yako wewe ilikuwa kumfunika kwa solo ili watu wasisikie aibu. Kisha ukaeleza siku ya uwanjani kana kwamba ni kichekesho: Kifaransa na Kiswahili viligongana, wanajeshi wakakosea neno, bahati mbaya. Studio nzima ikacheka nawe.

Umengoja mume wangu azikwe. Alipokuwa hai hukuthubutu.

Basi kwanza nirekebishe habari ya ampli, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu uongo kuhusu kazi ya mtu ni wizi sawa na kumwibia ng'ombe. Yule Mzungu aliyekuwa akionyesha sinema alipokimbia mwaka wa uhuru, Ildephonse alimsaidia kufunga mizigo, naye akamwachia ile ampli, kisanduku cha mbao cha kukuza sauti, chenye lampi za kioo ndani na spika moja. Hiyo ni kweli. Lakini miaka miwili baadaye mwenye baa ya Kalundu alileta kutoka ng'ambo, Bujumbura, ampli mbili kubwa, mpya, zinazofanana kama mapacha. Mbili, Sylvestre! Moja yako, moja yake. Redioni umehesabu moja.

Ildephonse aliipiga ile kubwa Jumapili moja tu. Unakumbuka matine zetu zilivyokuwa: saa tisa alasiri, mabati juu, pande tatu wazi, na upepo wa ziwa ukiingia kama mtu asiyelipa kiingilio. Mimi nilikuwa mlangoni nikichana tiketi. Kabla watu hawajajaa, alinifuata akaniomba nisimame ng'ambo ya barabara, pale walipokuwa wakicheza wale wasio na tiketi, ninyanyue mkono kila nitakapopoteza gitaa lake. Akapiga na ampli kubwa. Nilikusikia wewe, ukiimba juu kama ndege. Nilisikia ngoma. Yeye sikumsikia hata kidogo, na mkono nilikaa nao juu mpaka bega likauma. Wale vijana wa barabarani walisimama tu wakitazama kwa ndani. Kisha akachomeka waya kwenye kisanduku chake cha sinema, akafungua sauti yote mpaka mwisho. Kabla sijashusha mkono, miguu barabarani ilikuwa imeanza.

Jioni alinieleza, nami nikamwelewa kwa sababu alieleza kama mtu anayefundisha kupika. Ampli kubwa ikipigwa kwa upole inatoa sauti safi, na sauti safi upepo unaibeba kama unga. Ampli ndogo ikisukumwa mpaka mwisho inajaa, inakwaruza, inashikamana na ngoma, na upepo haupati pa kuishikia. Kwa sababu hiyo alikataa ile mpya. Alimwambia mwenye baa aiuze. Watu wakamwona mjinga, na wewe ukawa wa kwanza kumtania mbele ya orkesta nzima: Ampli yako iko na kifua, Ilde, uipeleke kwa dokta! Naye akakujibu bila kuinua kichwa kwamba kikohozi chake ndicho kinachochezesha watu, ya kwako inapiga salamu tu. Mpiga ngoma alicheka mpaka akaangusha kijiti. Ulinuna wiki nzima. Labda bado umenuna.

Na mengine yote alichagua vilevile, kimoja kimoja. Wewe ulipenda gitaa lako bapa jekundu na nyuzi nyembamba zinazopindika kwa kidole. Yeye alichukua gitaa la tumbo kubwa, na tumbo lile lilipoanza kulia lenyewe mbele ya spika, alilijaza kipande cha kitenge changu, cha kijani, likanyamaza. Alifunga nyuzi nene, akaziinua juu ya ubao mpaka vidole vyake vikawa na sugu kama za mvuta nyavu, kwa sababu alipiga kwa nguvu na hakutaka zigongane na vyuma vya ubao. Plastiki ya kupigia aliitupa. Alichonga yake kwa pembe ya ng'ombe wa Warundi wa bonde la Ruzizi, akisema plastiki inabembeleza uzi, pembe inauamrisha. Ampli aliiweka juu ya kiti karibu na ngoma, si sakafuni, ubao wa nyuma ameuondoa ili mpiga ngoma naye amsikie. Na kile kitufe cha sauti nzito alikizungusha karibu mpaka sifuri. Nilimuuliza kwa nini, nikidhani uzito ndio nguvu. Akaniambia huko chini kuna mwenyewe, ni nyumba ya mpiga besi, na mtu haingii nyumba ya jirani bila hodi.

Huo ndio umaskini uliowachekesha watu nao redioni.

Uliwahi kujiuliza kwa nini solo yako ilisikika tamu? Alikupa mahali pa kusimama. Aliacha nafasi juu, akaacha nafasi chini, akakaa katikati akifanya kazi. Alilipenda jina la kazi ile ya kusindikiza solo kwa gitaa kuliko jina lake la ubatizo. Mtu akimuuliza yeye ni nani katika orkesta, alijinyoosha na kusema: Minye niko akompanyateri. Alilisema kama mwingine anavyosema yeye ni padri.

Sasa uasi. Waasi walipoingia Uvira Mei ya mwaka sitini na nne, walitaka mashine ya kuhutubia. Wakajaribu kisanduku cha Ildephonse kwanza. Kiongozi wao akasema maneno mawili ndani yake, uwanja mzima ukacheka, maana ilitoka sauti ya kiboko anayeguna. Wakakitupa pembeni. Ampli yako wakaipenda. Ilikuwa safi, kila neno lilifika. Na wewe hukutaka kuiacha. Ulipanda nayo lori, ukaishikia waya Kiliba, ukaishikia Sange, ukapima maikrofoni kabla ya kila hotuba, moja mbili, moja mbili. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu. Mwaka ule kila mtu alifuata kitu fulani ili aone kesho, na wewe ulifuata ampli. Ildephonse alikaa Kilibula akivua samaki na mjomba wake.

Wanajeshi wa serikali waliporudi, waliwaketisha wanaume wote chini uwanjani, jua la saa nne, mikono kichwani. Sisi wanawake tulisimama nje ya ua wa miti. Ofisa wao aliuliza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili cha kuokoteza, nani alikuwa akitembea na waasi na mashine ya sauti. Macho ya watu yana tabia ya kwenda yanakojua, na yalikuwa yakikujia. Ukasimama. Nakumbuka maneno yako yote, na redioni umeyakata nusu. Ulisema: Minye niko mupiga solo tu, chef. Akompanyateri ni ule kule. Na ukanyoosha kidole.

Ofisa akashika lile neno. Kwake accompagnateur ni anayefuatana na watu, basi. Akamwendea Ildephonse akamuuliza kama ni kweli. Na mume wangu, mtu mnyofu yule, alidhani hatimaye ameulizwa kazi yake. Aliinuka, akajinyoosha vilevile kama kwenye matine, akajibu kwamba ndiyo, yeye ndiye akompanyateri, tangu mwanzo, na hajawahi kukosa hata siku moja.

Walimvunja vidole vya mkono wa kushoto palepale kwa kitako cha bunduki. Vinne. Vile vya akodi, vya kukandamizia nyuzi.

Hadithi hiyo inajulikana Uvira nzima kama kosa la neno. Ildephonse mwenyewe aliiamini hivyo mpaka kaburini. Miaka yote hapa Kigoma, akitengeneza redio za watu kwa mkono wa kulia, alisema ni neno lililomvunja na neno halina mama wa kulaumiwa. Redio aliyoitengeneza ikipiga muziki alikuwa akiinamisha kichwa na kuniambia huyu amepigia ampli kubwa mno, huyu nyuzi zake ni nyembamba, huyu hana adabu na besi. Kila Mwaka Mpya alinikumbusha nikuandikie salamu. Mdogo wako, alisema, usimwache peke yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia yeye. Kulikuwa na dakika kabla ya kile kitako cha bunduki. Neno lilikuwa limekosewa lakini lilikuwa bado linaweza kusahihishwa, na dawa yake ilikuwa maneno mawili: wa gitaa. Akompanyateri wa gitaa. Wewe uliyajua. Ulifungua mdomo, nilikuona, ukaufunga. Ndipo nilipopiga kelele mimi kutoka nje ya ua. Wa gitaa! Iko wa gitaa, chef! Nilipaza sauti mpaka koo likakauka. Ofisa akageuka, akakuuliza wewe, kwa kuwa ulikuwa karibu naye, yule mwanamke anasema nini. Ukanitazama. Tulikuwa mbali kama toka mlango wa kanisa mpaka altare, na ulivaa shati nililokushonea. Ukamjibu: Sijue, chef. Ule mwanamuke simujue. Nazani iko na wazimu.

Upepo siku ile ulitoka kwako kuja kwangu. Nilisikia kila silabi.

Kwa hiyo usiseme tena bahati mbaya. Neno lilipotea njia mara moja, na wewe ndiye uliyekuwa njia panda ukakataa kulielekeza. Nilinyamaza kwa sababu Ildephonse alikupenda, na kwa sababu sikutaka avunjwe mara ya pili na kitu ambacho hakina plasta. Alipokufa nilidhani nitazika na hili. Ningelizika kweli. Umelifukua wewe, kwa kicheko.

Protais yuko hapa Kigoma. Nilimpigia simu kwa msaada wa Gloriose, akavuka na mashine yake ya kurekodi, na jana alikaa kwenye kiti cha marehemu tangu asubuhi mpaka chakula cha mchana. Nimemweleza yote: ampli mbili, pembe ya ng'ombe, kitenge tumboni mwa gitaa, lori la Sange, na uwanja. Alipotaka kukata sehemu ya uwanja kwa heshima ya familia, nilimkatalia. Aliniahidi itapigwa Jumapili baada ya misa ya pili. Barua hii nimempa yeye aje nayo, ili ikufikie kabla. Wewe hukumpa Ildephonse hata pumzi hiyo moja.

Bado una siku za kwenda studio mwenyewe na kusema kwa mdomo wako kwamba aliikataa ampli kubwa kwa akili yake, na kwamba neno ulilijua. Ukienda, sauti yako itatangulia na yangu itafuata nyuma, nami sitaona vibaya. Usipokwenda, kaa nyumbani na Consolate na watoto, mfungue redio pamoja, usiizime. Watakuuliza bibi huyu ni nani. Safari hii uwaambie unanijua.

Msalimie Consolate kwa upendo, na wajukuu wote, hasa aliyezaliwa mwaka jana ambaye sijamwona. Wasalimie majirani wa Rugenge wanaonikumbuka. Endelea kulikanda goti, na usiache kula samaki. Mungu awe na wewe, maana hatujawahi kukosana mbele yake, na sasa tumeanza.

Ni mimi yaya wako, dada yako mkubwa,
Ernestine